Bomba Lililonuka Grisi

Palikuwa na fundi baiskeli mmoja. Watu walimwita Spoki, maana alikuwa mrefu na mwembamba, na akishakaza neno lake halipindi. Mikono yake ilinuka grisi Jumatatu hadi Jumapili. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa akiwaambia majirani, "Mume wangu hanipotei. Hata nikifumba macho nitamfuata kwa pua."

Walikaa ghorofani, vyumba viwili na jiko. Chini yao alikaa Bi Cherehani, mshonaji wa sare za shule. Ukiwa juu unasikia cherehani yake ikilia kutwa nzima. Naye chini anasikia kila kijiko chako kikianguka. Ndiyo maisha ya ghorofa hayo. Sakafu yako ni dari ya mwenzio.

Basi, asubuhi moja Mama Pacha anaosha vyombo, akaona maji yanadondoka chini ya sinki. Bomba la plastiki limepata ufa. Akaweka ndoo.

"Baba Pacha, mwite Koki."

Koki alikuwa fundi bomba, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye begi zito kuliko yeye. Mwezi uliopita alikuja hapo akatengeneza tangi la choo. Tangu siku hiyo tangi halikuvuja hata tone.

"Koki hana nafasi mpaka Ijumaa," akasema Spoki. "Na kwani bomba ni nini? Nitalitengeneza mwenyewe."

"Wewe na maji mmejuana lini? Hata kuoga unasukumwa."

"Mama Pacha, mimi naunga fremu za chuma zilizokatika vipande viwili. Kibomba hiki kitanishinda?"

Akaenda dukani. Muuza vifaa akampa kipande cha bomba jipya na viungo viwili vya kusukuma. Viungo hivi havitaki gundi wala moto. Ndani vina meno madogo ya chuma ya kushika bomba, na pete ya raba ya kuzuia maji.

"Unasukuma tu, mzee, kwisha," akasema muuza vifaa, huku macho yake yako kwa mteja mwingine.

Spoki hakuuliza zaidi. Miaka ishirini na mitano watu wanakuja kumuuliza yeye. Leo na yeye aulize? Tena dukani, mbele za watu? Akaondoka.

Nyumbani akafunga valvu, ile ya kuzuia maji ya nyumba nzima. Hapo alifanya vizuri, tumpe haki yake. Akachukua msumeno wake wa kukatia fremu, akakata kipande kibovu. Mkato ukatoka mshazari, kama muwa uliokatwa na mtu mwenye haraka. Kwenye ncha zikabaki nywelenywele za plastiki. Akasema, "Itaingia tu."

Halafu akafanya jambo ambalo fundi baiskeli tu ndiye angelifanya. Akachovya kidole kwenye kopo la grisi. Akapaka ncha za mabomba, akapaka na ndani ya viungo. Kwake yeye, kitu chochote kinachoingia ndani ya kitu kingine kinataka grisi. Ekseli grisi, pedeli grisi. Hata kitasa cha chumbani alikwisha kukipaka, na gauni jeupe la Mama Pacha linajua habari hiyo.

Akasukuma. Bomba likaingia kidogo, likagoma. "Hapo limefika," akasema. Akafungua valvu. Siku hiyo maji yalikuwa yanakuja kwa unyonge. Hakuna tone lililotoka.

"Mama Pacha! Njoo uone mume!"

Mama Pacha akainama, akaangalia. "Mbona linanuka baiskeli?"

"Ndiyo harufu ya kazi hiyo."

Usiku ule maji ya mtaa yakakatika. Yalirudi kesho yake saa nne asubuhi, na mnajua yakirudi baada ya kukatika yanavyokuja. Yanakuja na hasira. Spoki alikuwa kibandani kwake, mbele ya nyumba, gurudumu mkononi. Akasikia cherehani imenyamaza ghafla. Kisha akasikia ukelele.

"Maji! Jamani, maji!"

Akapanda ngazi mbili mbili. Jikoni kiungo kimoja kilikuwa kimechomoka. Maji yanaruka mpaka ukutani, sakafuni yamefika vifundoni. Akafunga valvu. Lakini maji yalikwisha kupata njia. Yalipita kwenye ufa wa sakafu, yakashuka juu ya meza ya Bi Cherehani. Mezani palikuwa na mashati thelathini ya shule, meupe, yenye kola nyekundu. Nyekundu ilichuja. Mashati yakawa ya rangi ambayo hakuna shule inayoivaa. Na shule zinafunguliwa Jumatatu.

Bi Cherehani alipanda juu, futi shingoni, pini mdomoni. Nyuma yake alikuja kaka yake, aliyekuwa anajenga nyumba ya wageni mtaa wa pili, na wapangaji wawili. Bi Cherehani akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye gauni lake. Ndipo akauliza.

"Baba Pacha, nani alitengeneza bomba hili?"

Wote wakamtazama Spoki. Maji bado yanadondoka. Ulimi wake ukaitangulia akili.

"Koki," akasema. "Alikuja hapa mwezi uliopita."

Angalia ujanja wa ulimi. Koki alikuja kweli mwezi uliopita. Lakini nusu ya kweli ni uongo uliovaa nguo safi.

"Koki huyu huyu?" akasema kaka yake Bi Cherehani. "Mimi nilikwisha kumpa kazi ya mabomba ya nyumba yangu. Vyumba kumi na viwili! Basi, asikanyage kwangu."

Mama Pacha alikuwa mlangoni, fagio mkononi. Alimtazama mumewe, kisha akaendelea kusukuma maji nje.

Mchana walikaa kula.

"Sikunyamaza kwa kuwa nimekubali," akasema Mama Pacha. "Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mume wangu na palikuwa na watu. Lakini Baba Pacha, leo nimeona haya kuliko siku yoyote ya ndoa yetu."

"Nitamwambia Bi Cherehani."

"Lini?"

Spoki akaangalia sahani.

Akarudi kibandani. Mara wakapita wanawake wawili na ndoo zao. "Umesikia? Koki amemharibia Bi Cherehani sare zote." "Hee! Na mimi nilitaka aje kwangu kesho. Haji tena." Spoki akainamia gurudumu lisilo na ubovu, akalizungusha, akalizungusha. Masikio yalimwaka moto. Mteja mmoja akamwambia, "Fundi, hiyo si yangu. Yangu ni ile pale." Koki alikuwa hata hajui kwamba amekwisha kukosea.

Lakini mtaani neno halikai. Kesho yake asubuhi hodi ikapigwa. Alikuwa Koki mwenyewe, na begi lake.

"Karibu, dada," akasema Mama Pacha, halafu akageuka haraka kutafuta kigoda, asionwe uso.

"Ahsante, dada yangu. Nimesikia kazi yangu imemwagia watu maji. Nimekuja kuiona."

Akaenda kwanza chooni, akaangalia tangi. Kavu. Akaja jikoni, akapiga magoti chini ya sinki. Akaliokota bomba lililochomoka. Akaugusa ule mkato wa mshazari. Akalinusa.

"Mzee Spoki," akasema taratibu. "Kazi yangu hainuki baiskeli."

Spoki alitamani sakafu impitishe kama ilivyoyapitisha maji.

"Utasema mwenyewe, au niseme mimi?"

"Ni mimi," akasema Spoki. Akarudia. "Ni mimi, Koki. Nilikata mimi, nikapaka mimi. Na nikakutaja wewe."

Koki hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa pale sakafuni, bomba mkononi.

"Jana watu wawili wamenirudisha mlangoni," akasema. "Na jioni kaka yake Bi Cherehani akaniambia nisifike kwake. Nikawaza usiku kucha. Nikasema labda kweli nilikaza vibaya. Nimeanza kuogopa mikono yangu mwenyewe, mzee."

Spoki akafuta macho kwa mkono wenye grisi. "Nifundishe kutengeneza. Tutengeneze kwanza, halafu nishuke nikaseme."

"Hapana. Bomba limefungwa, halivuji. Linalovuja ni jina langu. Shuka kwanza. Mimi nakusubiri."

Ngazi zile zilikuwa kumi na nne. Spoki amezishuka miaka tisa, lakini siku hiyo zilikuwa ndefu. Chini alimkuta Bi Cherehani na wateja wanne, na kaka yake amekaa dirishani. Akatamani wawe wachache. Kisha akakumbuka kwamba uongo aliusema mbele ya watu.

"Bi Cherehani, Koki hana kosa. Bomba nilitengeneza mimi. Nilidanganya kwa sababu niliona haya."

Cherehani ikasimama.

"Baba Pacha!" akasema Bi Cherehani. "Maji ningekusamehe papo hapo. Maji ni maji. Lakini mimi nimemtukana mwanamke wa watu kwa mdomo wangu huu, kwa ajili yako!"

"Nimekosa. Mashati nitayafua mimi. Yatakayokataa kutakata, kitambaa kitatoka kwangu."

"Ufue kwa mikono hiyo?" akadakia mteja mmoja. "Si yatageuka sare za gereji!"

Watu wakacheka. Spoki hakucheka. Kaka yake Bi Cherehani akasimama, akapanda juu bila kumtazama, kwenda kumwomba radhi Koki.

Kaka huyo aliposhuka, Spoki naye akarudi juu. Koki akamwambia, "Haya. Nawa mikono. Kwa sabuni. Leo grisi haina kazi hapa."

"Kwani grisi ina ubaya gani?"

"Grisi hii inailainisha raba na kuivimbisha. Ndani ya kiungo tayari mna utelezi wake. Na hayo ni maji ya kunywa, mzee. Tena hivi viungo ni vya bomba la maji. Usije ukavitia kwenye gesi."

Akafungua begi, akatoa kikata bomba, kama mkasi mfupi. "Umefunga valvu? Umefungua bomba la sinki ili maji yaliyobaki yaishe? Vizuri. Sasa kata. Shika wima, mkato usiwe na upande."

Spoki akakata. Ncha ikatoka bapa kama sarafu.

"Pitisha kidole. Kuna nywelenywele? Zitoe, nje na ndani. Ule mkato wako ulikuwa na meno. Tazama." Akamwonyesha pete ya raba ya kile kiungo cha zamani. Ilikuwa imechanwa. "Kiungo hiki kimekufa. Tunaweka vipya. Na bomba lako ni laini, linataka kibomba hiki kidogo ndani ya ncha, lisibonyee."

Akachukua kiungo kipya, akakilaza kando ya bomba. "Kina chake kinaishia hapa. Weka alama kwa kalamu. Sasa sukuma."

Spoki akasukuma. Bomba likaingia kidogo, likagoma.

"Hapo limefika," akasema kwa mazoea.

"Limefika wapi? Alama yako iko wapi?"

Spoki akaangalia. Alama ilikuwa bado nje, upana wa kidole kizima.

"Hapo umegonga mlango tu," akasema Koki. "Hiyo ni raba. Watu wengi huishia hapo. Maji kidogo yanavumilia, maji mengi yanachomoa. Sukuma tena, kwa nguvu, huku unalizungusha kidogo."

Akasukuma kwa nguvu zote za mtu wa baiskeli. Bomba likapita raba, likaenda mpaka mwisho. Alama ikagusa mdomo wa kiungo.

"Sasa livute, kana kwamba unalichukia."

Akalivuta. Halikutoka. Akafanya ncha ya pili, ya tatu na ya nne. Koki hakugusa hata moja, alitazama tu. Kisha wakabana bomba ukutani kwa vishikizo, lisicheze. Wakafungua valvu polepole, wakapitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Karatasi ikabaki kavu.

"Tukupe nini, dada?" akauliza Mama Pacha.

"Siku mumeo asipojua kitu, aulize. Hata mimi naulizaga."

Jioni ile Mama Pacha na mumewe walifua mashati. Ishirini na mawili yalitakata. Manane yalikataa, Spoki akaenda kununua kitambaa, na Bi Cherehani akashona mpaka Jumapili.

Jumapili hiyo maji yalirudi tena kwa hasira. Spoki alikuwa amejikunja chini ya sinki, tochi mkononi, karatasi kavu mkononi. Bomba likatetemeka. Likatulia. Chini Bi Cherehani alikuwa amesimama anatazama dari, rula ndefu ya kupimia kitambaa mkononi. Ikapita dakika tano, ikapita kumi. Ndipo rula ikagonga dari mara tatu.

"Pakavu, Baba Pacha! Toka huko chini, utavunjika mgongo!"

Nyumba ya wageni ile, vyumba vyote kumi na viwili, mabomba alitia Koki.

Na kibandani kwa Spoki, kati ya minyororo na mipira iliyotundikwa, kuna kipande cha bomba kilichokatwa mshazari, kina grisi mpaka leo. Wateja wakimuuliza, "Fundi, hiki nacho ni cha baiskeli gani?" anaona haya kidogo. Halafu anawaambia.