Kura ya Marehemu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Najat alimshika babu yake mkono na kumpeleka barazani. Mzee Sadalla alikuwa na mtoto wa jicho, na mjukuu wake huyu wa darasa la sita ndiye aliyekuwa macho yake. Najat alimtandikia mkeka, akamkabidhi kikombe cha kahawa ya tangawizi, na babu akajibu kama siku zote, "Ahsante, mke wangu. Haya, nenda kasome."

Kitongojini kwao Kichangani, jirani na Tongoni, mababu wengi huwatania wajukuu wao hivyo. Lakini Mzee Sadalla hakuwa na jina jingine kabisa la kumwita Najat.

Jumatano moja shule ilifungwa, kwa kuwa madarasa yaligeuzwa vituo vya kupigia kura. Watu walikuwa wakichagua mwenyekiti wa kitongoji. Wagombea walikuwa wawili: Bi Hasina, mkulima wa mwani, na Bwana Abdulghani, fundi baiskeli. Najat alimwongoza babu mpaka mlangoni. Mzee aliingia peke yake, maana akiisogeza karatasi karibu na pua bado aliweza kusoma.

"Umempa nani, babu?" Najat aliuliza walipokuwa wakirudi.

"Hilo hata mke haambiwi!" babu alijibu, akacheka hadi akakohoa.

Alasiri alijilaza kidogo kusubiri adhana. Hakuamka tena.

Usiku, wakati majirani wamejaa msibani, habari ikafika kutoka kituoni. Kura zilikuwa zimehesabiwa, zikarudiwa kuhesabiwa, na wagombea wote wawili wamepata kura sawasawa.

Baada ya mazishi watu walianza kunong'ona. "Mzee Sadalla alikufa kabla kura hazijahesabiwa," walisema. "Maiti hana kura. Itolewe ya kwake, mshindi ajulikane." Lakini alimpa nani? Hapo macho yote yakamgeukia Najat. Alipokwenda kisimani, mazungumzo yalikatika ghafla. Alipoinama kuteka maji, alihisi macho ya watu mgongoni.

"Masikini mzee," mwanamke mmoja alisema nyuma yake. "Yeye yuko chini, kura yake imebaki juu. Atapumzika vipi?"

Ijumaa baada ya sala, jua likiwa kali na watu wamejificha vivulini, Najat alikuwa uani akisugua masufuria. Kuku waliokuwa wakichakura waliacha ghafla. Upepo ulitulia.

"Mke wangu."

Sauti ilikuwa ndogo, karibu sana na sikio. Najat aligeuka. Hapakuwa na mtu, ila mkeka wa babu uliokunjwa na kuegemezwa ukutani. Tangu utotoni mama yake, Bi Kijakazi, alimfundisha kwamba ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Najat akauma midomo, akakimbilia ndani. Hakumwambia mtu.

Kesho yake, mkutano wa kuamua suala la kura ulikuwa umeitishwa saa kumi. Adhuhuri Najat alirudi uani, roho juu juu. Safari hii sauti ilitoka nyuma ya ua wa makuti, nzito, yenye kikohozi.

"Mjukuu wangu Najat... Huku hakukaliki. Kura yangu inanichoma. Waambie nilimpa Hasina. Waitoe, nipumzike."

Sufuria lilimponyoka. Akilini alimwona babu gizani kaburini, akigeuka huku na huku, akimngojea yeye. Kumbe ni neno moja tu! Akaanza kulijaribu mdomoni: "Babu aliniambia..." Ulimi ukawa mzito. Babu hakumwambia kitu.

"Mjukuu wangu, umesikia?"

Mjukuu wangu? Najat alikaza macho kwenye makuti. Akavunja mwiko, akaitika.

"Kama ni wewe, babu, niite ulivyokuwa ukiniita."

Makuti yalichakarika kidogo.

"Naj... Najat," sauti ilibabaika, na kikohozi hakikuwepo tena.

Halafu vijiti vikavunjika na miguu ikatimka. Najat alichungulia penye upenyo. Alimwona Sele, kijana mpambe wa Bwana Abdulghani aliyempigia kampeni kila baraza, akikimbia huku amepandisha kanzu yake magotini.

Saa kumi uwanja wa shule ulijaa. Msimamizi msaidizi wa uchaguzi, Bi Ruthi, alitaka kuzungumza, lakini watu wakapaza sauti, "Mtoto aseme! Yeye anajua!"

Bi Kijakazi, ambaye Najat alikuwa amemweleza tukio la mchana huo, alimshika bega. Najat akasimama.

"Shikamooni. Sijui babu alimpa nani. Nilimuuliza, akakataa kuniambia. Na leo mchana mtu ameiga sauti ya marehemu, akanitaka niseme alimpa Bi Hasina."

Mtu mmoja alitamka bismillahi. Bwana Abdulghani alimtazama Sele, aliyekuwa akitetemeka mstari wa mbele.

"Sele, ni wewe?"

"Nilitaka Bi Hasina apunguziwe kura moja, ushinde tu, bwana."

"Kwa kumsemesha maiti? Ushindi huo siutaki," Abdulghani alisema kwa uchungu. "Muombe radhi mtoto."

Bi Ruthi akanyanyuka. "Hata Najat angetaja jina, nisingetoa kura ya mtu. Mzee Sadalla alipiga kura akiwa hai, kwa haki yake. Karatasi ikishatumbukia sandukuni, haina jina la mtu. Nikiitafuta ya kwake siwezi kuijua. Kura zikilingana, kanuni yetu inasema tunapiga upya. Hatuulizi makaburi, wala hatuwabebeshi watoto mzigo huo."

Sele alimfuata Najat, macho chini. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe. Lakini kwa nini jana uliniita mke wangu, na leo ukashindwa?"

Sele alimkodolea macho. "Jana? Jana mimi nilishinda Muheza, nikapakia machungwa mpaka usiku. Kwenu nimekuja leo tu."

Nywele za Najat zilisimama.

Jumapili iliyofuata watu walipiga kura upya, na wengine ambao mara ya kwanza walibaki shambani walijitokeza. Bi Hasina alishinda kwa kura chache. Bwana Abdulghani alikuwa wa kwanza kumpa mkono.

Jioni Najat alimweleza mama yake habari ya sauti ya kwanza.

"Mimi sijui ilikuwa nini, mwanangu," alisema Bi Kijakazi. "Labda ni moyo wako unaomkumbuka. Tutamsomea dua. Lakini pima: sauti ile haikukutaka ufanye lolote. Iliyokutaka udanganye ilikuwa ya mtu mwenye haja zake. Usilolijua, sema hulijui, hata kijiji kizima kikikusubiri na woga umekushika. Ungetaja jina moja la uongo, tungegombana mpaka leo, na kila mtu angeapa kwamba ni marehemu aliyesema."