Vitambaa Viwili vya Pawa Saplai

Kijiko kiligonga kikombe mara tatu, kikanyamaza, kikagonga tena. Nje bado kulikuwa giza. Nilijua bila kufungua macho kwamba binti yangu amerudi kutoka zamu yake ya usiku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na kwamba anakoroga chai huku nusu yake imeshalala. Huikoroga polepole ili asituamshe. Sijawahi kumwambia kwamba kila siku naamka.

"Yule ameamka?" aliniuliza nilipojikokota hadi jikoni.

"Zamani. Yuko na daftari lake."

Mjukuu wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulimwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hajapumzika. Asubuhi ile alikuwa ameketi sakafuni, daftari magotini, akinong'ona: kasha, ubao mkuu, prosesa, memori, diski, kadi ya picha, pawa saplai. Vifaa saba. Ukivipata vyote na kuviunganisha sawasawa, unapata kompyuta ya kuchezea gemu. Vifaa sita alikuwa navyo. Kilibaki kimoja.

Sisi hatukuwa na uwezo wa kumnunulia kompyuta, na yeye hakuomba. Kila Jumamosi asubuhi, kwa miezi saba, alikwenda kwa Fundi wa kompyuta, mtaa wa pili. Alisafisha vumbi kwa brashi, akapanga skrubu kwa ukubwa, akakunja nyaya. Kila mwisho wa mwezi Fundi alimruhusu kuchagua kifaa kimoja kilichotumika kutoka rafu ya chini. Rafu ya juu ilikuwa ya mashine za wateja, nayo haikuguswa.

Fundi alikuwa na desturi yake. Mimi ni mshonaji, na mabaki yangu ya kitambaa humpelekea yeye. Kila kifaa alichokipima alikifungia ukanda wa kitambaa, akaandika kwa wino hali yake: "Nzima." "Feni inalia." "Imekufa, chukua skrubu tu." Alisema karatasi hubanduka kwa joto, kitambaa hubaki. Watu walitoka mitaa ya mbali kununua kwake, na wengi hawakuuliza swali lolote. Walisoma kitambaa, wakalipa, wakaenda zao.

Chiriku alipoanza kuchagua, alianza na kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye kioo. Alichukua kubwa kuliko zote, yenye feni tatu na taa ya zambarau.

"Kila mtu huanza na kadi," Fundi alimwambia siku hiyo. "Hii ni mlaji, Chiriku. Utailisha nini?"

"Tutajua mbele ya safari, Fundi."

"Mbele ya safari ndiko watu wanakolala njaa."

Alimaanisha pawa saplai. Ni kisanduku cha bati kinachopokea umeme wa ukutani na kuvigawia vifaa vingine. Hakina taa wala rangi, nacho hujificha ndani kabisa ya kasha. Hakuna mtoto anayekiota.

Katika nyumba ya jirani palikuwa na kijana wa rika lake, aliyejiita Jenerali kwa sababu ya gemu za vita. Yeye kompyuta alikuwa nayo. Kila akipita dirishani kwetu alichungulia lile kasha lililolala kimya juu ya meza.

"Umejenga kabati la vyombo," alisema. "Lina feni, sawa, lakini ni kabati."

"Ngoja Jumamosi," Chiriku alimjibu. "Utaomba mechi irudiwe."

Jumamosi hiyo alirudi na kisanduku cha bati kwapani. Hakula. Alikaza skrubu, akachomeka nyaya, akabonyeza. Feni zote tatu zikazunguka, na taa ya zambarau ikaangaza cherehani yangu. Jenerali aliitwa, akaja, akashindwa mara nne.

"Bahati tu," alisema, lakini alikaa mpaka mama yake alipomwita kwa jina lake lote.

Nilitarajia wiki hiyo mjukuu wangu atatuchosha kwa maneno. Badala yake alinyamaza. Alirudi shuleni, akacheza, akala kidogo, akalala. Nilidhani ni uchovu. Katika nyumba ile uchovu ulikuwa kama mpangaji wa nne. Mama yake alichoka kwa zamu, mimi mgongo, yeye vitabu. Nilijiambia, mwache, atasema mwenyewe. Wiki ya pili ikapita hivyo hivyo.

Jumamosi iliyofuata, alasiri, alikuja Bibi Sindano kupunguziwa pindo la gauni. Ni nesi mstaafu. Watoto walimpa jina hilo kwa sababu amechanja mtaa mzima. Fundi mwenyewe anakiri kwamba alipokuwa mdogo alimng'ata mkono. Alikaa kwenye kiti changu kwa shida, kwanza goti moja, halafu la pili.

"Mwenzangu, ile kompyuta mpya inanishinda," alisema. "Wiki mbili sasa. Naongea na mwanangu, tukifika kama nusu saa, inazima. Kuna mahali nabonyeza vibaya."

"Umemwambia Fundi?"

"Nimsumbue bure? Yeye kaniunganishia vizuri, kitambaa nilikisoma mwenyewe, kinasema nzima. Ni mimi na uzee wangu." Alipangusa miwani yake. "Nisingejali, ila kesho ndiyo mara ya mwisho. Jumatatu mwanangu anapanda milimani kwenye machimbo. Miezi mitatu hakuna mtandao. Nilitaka tuongee hata mara moja bila kukatika. Kila mara inakatika kabla hajanieleza habari za mkewe. Ana mimba, na mimi ndiye wa kumshauri."

Nyuma yetu mlio wa gemu ulikoma. Chiriku alikuwa ameisimamisha. Hakugeuka.

Bibi Sindano alipoondoka niliinama kuokota pini chini ya meza. Kasha la kompyuta halikuwa na mfuniko wa ubavuni, kwa hiyo niliona ndani. Kwenye kisanduku cha bati kulikuwa na ukanda wa kitambaa changu cha buluu, na mwandiko wa Fundi: "Inachoka. Nusu saa tu."

Nilikaa palepale sakafuni. Mjukuu wangu alikuwa amecheza tangu saa sita mchana, na sasa ilikaribia saa tisa.

"Chiriku," nilisema, "mashine yako huchoka?"

"Hapana, Bibi."

"Kitambaa kinasema inachoka."

Alishuka kutoka kwenye kiti, akakaa sakafuni karibu nami, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na miaka minne.

"Pawa saplai mbili zilikuwa zinafanana," alisema. "Rafu ya chini ilibaki moja tu, hiyo inayochoka. Nzima ilikuwa rafu ya juu, ya Bibi Sindano. Fundi alitoka kwenda kubeba mashine ya mteja. Vitambaa vimefungwa fundo moja tu, Bibi. Nikavibadilisha, na visanduku vyenyewe nikavihamisha rafu. Nilidhani yeye anaongea tu, hatahitaji umeme mwingi kama mimi."

"Na sasa?"

"Sasa anadhani yeye ndiye mjinga."

Sikumpigia kelele. Nilimshika mkono tu. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na sare ya kazi, amesikia yote. Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi.

"Kesho nikirudi sitalala," alimwambia mwanawe. "Tutakwenda wote kwa Fundi."

Chiriku alimtazama mama yake, kisha akatikisa kichwa. "Lala, Mama. Nitakwenda na Bibi. Nitasema mimi."

Jumapili mchana tulimkuta Fundi nyuma ya duka lake, ananyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo. Tuliamkiana. Chiriku aliweka kisanduku cha bati mezani na kusema habari yote kwa sentensi chache, yeye ambaye hueleza njia ya kwenda dukani kwa dakika kumi.

Fundi alifuta povu shavuni. Hakukasirika usoni. Alionekana amechoka tu, kama mtu aliyeambiwa arudie kazi ya siku nzima.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Watu hawanijui mimi. Wanajua kitambaa. Mama wa watu kakisoma, kakiamini, kikamdanganya, halafu akajilaumu mwenyewe." Alichukua bisibisi, akamkabidhi Chiriku. "Mimi nitakuja kukagua. Lakini mkono utakaofanya kazi ni wako, na mdomo pia."

Nyumba ya Bibi Sindano ina chumba kimoja cha mbele, na kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha meza kama mgonjwa aliyelala. Alitukaribisha akidhani tumekuja kumsalimia. Chiriku alibaki amesimama.

"Bibi, si wewe unayebonyeza vibaya," alisema. "Ni mimi. Niliiba kifaa chako kizima, nikakuachia kilichochoka. Nimekirudisha. Naomba unisamehe."

Bibi Sindano alifungua mtoto wa meza, akatoa daftari dogo, akampa. Kurasa mbili zilikuwa zimejaa mwandiko wake mzuri wa hospitali: saa ngapi amewasha, amebonyeza nini, kidole gani, saa ngapi imezima. Mwisho kabisa alikuwa ameandika: "Pengine ni kidole cha kushoto."

Chiriku alisoma yote. Machozi yalidondoka kwenye daftari, akayafuta haraka kwa kiganja ili wino usiharibike.

"Kwa hiyo si mimi," alisema Bibi Sindano.

"Si wewe, Bibi. Hujakosea hata mara moja."

"Basi fanya kazi," alisema, akavuta kiti chake kando. "Saa kumi mwanangu atapiga."

Ilimchukua muda. Skrubu moja ilianguka, ikatafutwa chini ya kitanda, na Fundi akakaa na mikono yake mapajani bila kumsaidia, ingawa nilimwona vidole vikimwasha. Saa kumi kasorobo mashine iliwaka. Saa kumi sauti ya mwanaume ilijaa chumba: "Mama, unanisikia?" Sisi watatu tukatoka nje, tukakaa kwenye ngazi.

Nusu saa ikapita. Chiriku alikuwa akihesabu dakika kwa vidole. Saa nzima ikapita, na ndani mama na mwana bado wanazungumza.

"Fundi," mjukuu wangu alisema bila kuinua kichwa, "Jumamosi nisije?"

"Nani kakwambia usije? Vumbi la kule limekwisha?" Fundi alinyoosha miguu. "Ila pawa saplai ile iliyochoka naitupa, na yako utaingoja mpaka nyingine ipatikane. Na kadi utarudisha, uchague ndogo, isiyo mlaji."

"Ndiyo, Fundi."

"Nisikilize. Ukichagua vifaa, anza na kile kisichoonekana, kwa maana vyote vinavyong'aa vinakitegemea. Na mtu ni vilevile. Wewe una mikono myepesi, una akili, hayo kila mtu anayaona. Uaminifu uko ndani, hauna taa. Siku ukichoka huo, vingine vyote vinazima pamoja nao. Leo umekuja mwenyewe ukasema. Ndiyo maana bado nina kazi ya kukupa."

Nilimpangusa mjukuu wangu vumbi la magoti.

Mlango ukafunguliwa. Bibi Sindano alisimama pale akishikilia kizingiti, miwani mkononi.

"Kaniambia yote," alisema. "Mkewe, mtoto, mpaka viatu vipya. Mwishowe tukakosa la kusema, tukawa tunatazamana tu." Kisha akamgeukia Chiriku. "Sasa miezi mitatu mashine itakaa bure. Hiyo gemu yenu, nataka kuiona. Nataka kujua ni kitu gani kilichokutia tamaa kiasi hicho."

"Mimi, Bibi? Nije hapa?"

"Wewe. Jumapili ijayo, ukimaliza kazi za shule. Njoo hata kama umechoka. Mimi pia huwa nimechoka. Ila uje."