Mtu wa Nyuma ya Cherehani

Mvua zilipoanza, fundi cherehani alihamishia jiko la mkaa ndani. Chumba kilikuwa kimoja tu, cha kushonea, kupikia na kulala. Alifunga mlango na dirisha ili nguo za wateja zisilowe, akabandika maharage, akaketi kushona. Maharage makavu hayana haraka. Jiko likawaka tangu asubuhi mpaka alasiri.

Alasiri moja akasikia mtu akitembea nyuma yake. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Hatua zikarudi, taratibu, kama za mtu aliyevaa kandambili zilizolowa. Kisha sauti ikamwita, "Kijino." Jina hilo aliitwa na marehemu mama yake tu.

Alimweleza mumewe, naye akamtania kwamba amechoka, apumzike. Lakini kesho yake binti yao alinyoosha kidole kwenye kabati, akauliza yule bibi anataka nini. Halafu akatapika. Fundi naye kichwa kilimgonga na miguu ikalegea. Mume aliposikia hayo, utani ulimwisha. Wakaamua kuhama.

Siku ya kufunga mizigo, jirani yao nesi alikuja kuchukua gauni lake. Alipoingia, huku akisimuliwa habari za yule bibi, alisimama ghafla. Kabati hakulitazama. Alitazama jiko, kisha dirisha. Alimbeba mtoto, akamshika fundi mkono, akawatoa barazani. Ndipo akarudi kufungua dirisha na kulitoa jiko.

"Dada, humu hamna mzimu," alisema. "Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa, unatoa hewa ya sumu. Huioni wala huinusi. Inakulevya, unasikia na kuona vitu visivyopo. Ukizidi kuivuta, unalala moja kwa moja."

"Mbona mtoto amemwona mama yangu?"

"Mtoto hamjui mama yako. Ameona bibi kwa sababu umeshinda ukimtaja."

Fundi alimtazama binti yake aliyejilaza begani kwa nesi, midomo imekauka. Hapo ndipo alipoogopa kweli, kuliko alivyoogopa zile hatua. Nesi akawapeleka zahanati, wakatibiwa, wakapata nafuu.

Waliporudi, nesi aliwaelekeza jiko likae nje, chini ya bati la barazani. Maharage yalowekwe tangu jioni, kisha yachemke vizuri, yamefunikwa. Baadaye sufuria iingizwe kwenye kapu lililosheheni vitambaa, ifunikwe gubigubi, maharage yamalizie kuiva humo kwa joto lake lenyewe.

Fundi alicheka. "Yaani nipike kwa matambara?"

"Matambara unayo kuliko mtu yeyote hapa mtaani."

Alijaribu. Alipofunua kapu, mvuke ukampanda usoni na maharage yalikuwa laini. Mkaa aliokuwa akiumaliza kwa wiki moja sasa ulimfikisha wiki ya pili, na miti iliyokatwa kwa ajili yake ikapungua. Mizigo wakaifungua. Binti alirudi kula vizuri na kusumbua watu.

Mvua zikiwa bado hazijakatika, mke wa kinyozi wa mtaa wa nyuma aligonga mlango. Macho yalikuwa mekundu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kwao kuna mtu analia ukutani, na mama mkwe wake tangu asubuhi hajanyanyuka kitandani.

Fundi alishaacha mkasi na kusimama.

"Jiko lenu liko wapi?"

"Ndani. Si mvua hii."

Hakuchukua hata mwavuli. Alitoka mbio.