Pumzi Ambayo Felix Hakuiweka

Jua lilikuwa linazama Tabitha alipofunga mlango wake kwa kufuli na kushuka kwenda kwa Felix, kijana wa simu, ili amwekee mazoezi ya kunyoosha mgongo.

Ni mwendo mfupi. Kutoka nyumbani kwake Turwa unapita mashamba ya mihogo, unapita mashine ya kusaga, umefika. Mkononi alishika simu ya marehemu mumewe, Mabula. Ndiyo pekee iliyorudi kutoka machimboni. Mabula mwenyewe hakurudi. Duara, shimo walilochimbia dhahabu, lilishuka akiwa chini, matimba ya miti yaliyolishikilia yakavunjika, na mwili haukupatikana. Ndugu zake walikuja kutoka Usukumani, wakazika shina la mgomba lililovishwa koti lake, nyuma ya nyumba. Wakasali, wakala, wakaondoka.

Tangu siku ile Tabitha hakupata usingizi wa kueleweka. Mgongo ulikaza kama ubao. Kifua kilibana kama mtu amekikalia. Muuguzi wa zahanati alimpima, akarudia kumpima, hakuona kitu.

"Mama, umebeba msiba mwilini," alimwambia. "Jaribu yoga. Ujinyooshe, upumue taratibu. Siku hizi yote yamo kwenye simu."

Tabitha ni mtu wa kanisa. Kabla ya kufanya lolote alikwenda kwa Domitila, mke wa mchungaji, akamuuliza kama hiyo yoga ni dhambi. Domitila alikuwa anachambua dagaa.

"Kunyoosha mgongo hakujampeleka mtu motoni," alisema. "Ila wengine wanaimba humo, wanaita majina tusiyoyajua. Wewe chagua isiyotaja jina la yeyote. Isiyo na jina ndiyo salama."

Kwa neno hilo akaenda kwa Felix.

"Shikamoo, Mama Teddy."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Nataka mambo ya yoga."

Felix akacheka. "Unataka kwenda kwenye sarakasi?"

"Nataka kulala."

Kijana akaacha kucheka. Akavuta stuli, akamfungulia video moja. Mwanamke mwembamba alikuwa amekaa mchangani, mguu mmoja nyuma ya shingo.

"Huyu ana mifupa kweli?"

"Anayo. Ameizoesha tu."

"Pita."

Iliyofuata ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Nairobi, mama mwenye tumbo, anayeongea polepole na kujicheka akiyumba. Hiyo aliipenda. Ukimwona mtu mnene anainama na kuinuka, unapata moyo. Felix akamwonyesha pia programu inayokukumbusha kila jioni, na ukiikosa inakuandikia kwamba imekukosa sana. Tabitha akatikisa kichwa. Nyumba yake ilikuwa imeshakosa wa kutosha. Akachukua kitabu cha picha, cha kusoma kwenye simu, chenye maelezo ya Kiswahili. Ukafika muziki. Kulikuwa na filimbi, kengele, na wanaume wanaoimba kwa sauti nzito kama wako ndani ya mtungi.

"Wanasema nini hao?"

"Sijui, mama."

"Basi watoe."

Akachagua sauti ya maji yanayotiririka. Felix akaweka video, kitabu na maji. Hakuweka kingine.

Nyumbani Tabitha alitandika mkeka wake wa ukindu, ule wa harusi, juu ya sakafu ya saruji. Akamfuata yule mama wa Nairobi hadi jasho likamtoka. Kisha akafungua kitabu kutafuta pozi la kumalizia. Picha ilionyesha mtu amelala chali, miguu imeachana kidogo, viganja vinatazama juu. Chini yake pameandikwa: Pozi la Maiti.

Alikaa akiitazama ile picha. Nyumba ile ilikuwa bado inadai maiti wake.

Akataka kuzima. Mgongo ukamwuma, akaghairi. Akatafuta yale maji, na chini yake akaona kitu kingine. Kimekaa kwenye orodha pamoja na vingine, lakini mstari wake ulikuwa mtupu. Hakikuwa na jina.

Isiyo na jina ndiyo salama...

Akabonyeza, akalala chali, viganja juu.

Hapakuwa na muziki. Palikuwa na mtu anapumua.

Anavuta... anashusha.

Mbali, maji yalidondoka tone kwa tone. Na mwisho wa kila pumzi palikuwa na kafilimbi kadogo kifuani, kama ka mtu aliyekula vumbi la mwamba kwa miaka mingi.

Tabitha alijua. Hakujiambia, lakini alijua. Mwanamke hasahau pumzi aliyolala nayo ubavuni. Machozi yalitiririka yakaingia masikioni, naye akaanza kupumua pamoja nayo. Alipofumbua macho, kulikuwa kumekucha.

Alikuwa amelala.

Alipoukunja mkeka asubuhi ile, mkono wake ulishika ubaridi. Upande wa chini ulikuwa na tope. Tope jekundu, lenye kumeta kidogo. Akapapasa sakafu. Kavu. Akausugua mkeka, akauanika, akajiambia kwamba kuta zina unyevu.

Jioni ikawa kitu cha kungojea. Alikuwa anawahi kufunga kuku, anasali, anatandika mkeka, analala chali na pumzi ile. Kanisani Domitila alimwambia uso wake umerudi. "Hata wengine wasiolala nitawaambia," alisema. Na kila asubuhi, chini ya mkeka, tope. Halafu akaanza kusikia tofauti. Mwanzoni walikuwa wanakwenda pamoja. Sasa yeye alikuwa anavuta na kushusha, anavuta na kushusha, kabla pumzi ile haijavutwa tena.

Ilikuwa inapungua. Kila alipoisikiliza, haikuanza mwanzo. Iliendelea pale ilipoishia.

Akashuka kwa Felix, akamwekea sikioni. Felix alisikiliza, uso ukamwisha rangi.

"Mama, hii si mimi niliyeiweka," alinong'ona. "Na si ya kununua. Sikia mwangwi unavyorudi... hii imerekodiwa ndani ya shimo. Niifute?"

Tabitha akampokonya simu.

Jioni ile alibana earphone masikioni kwa vidole. Pumzi ikaja, nyembamba. Tone la maji. Pumzi nyingine, baada ya muda mrefu. Kisha, kutoka juu sana, kama juu ya paa la dunia, akasikia mwanamke anaita.

"Baba Teddy... Baba Teddy..."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Siku ile ya duara alilala kifudifudi mdomoni mwa shimo akaita hadi koo likakauka. Na sasa alikuwa anajisikia kutoka chini. Pumzi ikakazana. Kafilimbi kakapanda, kakashuka, kama mtu anayetaka kuitika na hana upepo wa kutosha. Kisha sauti ya mwanaume, kule kule juu, nzito, tulivu.

"Hakuna mtu humo. Fukieni."

Tabitha akazima.

Sauti ile aliijua pia. Ni ya Nestory, msimamizi wa duara, aliyemwinua pale chini kwa mabega na kumwambia, "Amekufa papo hapo, shemeji. Hakuumia." Neno hilo ndilo lililomshikilia tangu siku ya msiba. Alisali nalo. Alimwandikia nalo Teddy, binti yao, aliyeko shule ya bweni. Sasa lilikuwa limevunjika kama yale matimba.

Hakuiwasha tena. Zilikuwa zimebaki pumzi chache, chache sana. Akizisikiliza hadi mwisho, Mabula atakufa mara ya pili, na safari hii mikononi mwake. Asipozisikiliza, atabaki kule gizani anangoja kuitwa. Jioni baada ya jioni aliiweka simu kifuani, imezimwa, akamwuliza Mungu afanye nini. Usingizi ukakata. Mgongo ukarudi kuwa ubao.

Ndipo, jua likiwa linazama, akasikia hodi.

Alikuwa Nestory. Alikuwa amekonda, shati limening'inia kama limetundikwa ukutani.

"Shemeji, samahani kuja saa hizi. Nimesikia kwa mke wa mchungaji. Kwamba una kitu kwenye simu, cha kupumua. Kinaleta usingizi."

Tabitha aliushika mlango, asiufungue zaidi.

"Mimi silali," alisema Nestory. "Nikifumba macho nasikia udongo. Nirushie na mimi, nakuomba."

Alimtazama muda mrefu. Akasali kimoyomoyo, sala fupi, asijue anaomba nini. Kisha akautandika mkeka.

"Hakirushiki. Lala hapo usikilize. Chali. Viganja juu."

Nestory akajilaza, akatabasamu kwa shida. "Kama maiti."

"Ndivyo linavyoitwa."

Akamwekea earphone masikioni zote mbili. Akabonyeza.

Yeye hakusikia kitu. Alikaa sakafuni kando yake, akatazama kifua chake. Kilipanda, kikashuka. Kikapanda... kikangoja... kikashuka. Nestory alikuwa anaifuata pumzi bila kujua, kama alivyokuwa anaifuata yeye. Uso ukalegea. Kwa kitambo alionekana mtu aliyepumzika.

Kisha macho yakafumbuka.

Midomo yake ikaanza kucheza bila sauti. Tabitha aliisoma. Hakuna mtu humo...

Basi amefika penye sauti yake mwenyewe. Vidole vya Tabitha vilikwenda kwenye waya. Angevuta tu, angebaki nazo zile za mwisho, zilikuwa zake, hakuna mwingine duniani mwenye haki nazo. Alishika ule waya. Akauachia.

Huyu ndiye aliyepaswa kusikia hadi mwisho.

Kifua cha Nestory kikapanda. Kikakaa.

Kikakaa.

Nje kuku wakanyamaza. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani, harufu ya shimo. Tabitha akafikiri amemwua mtu.

Halafu Nestory akavuta hewa kwa nguvu kama anayetolewa majini, akaketi, akazing'oa earphone.

"Nani alirekodi?" alinong'ona.

"Uniambie wewe."

"Mabula hakushuka na simu. Simu zote nashika mimi juu. Hii nilikuletea kwa mkono wangu."

Ilikuwa kweli. Tabitha aliichukua simu. Ule mstari mtupu haukuwepo tena. Palikuwa na video, kitabu na maji.

"Mwishoni alisema nini?"

Nestory alitazama viganja vyake. Vilikuwa vyekundu kwa tope.

"Alinyamaza tu, shemeji."

"Nestory."

"Alinyamaza." Na hakumtazama usoni.

Akatoka, akaacha viatu. Alfajiri watu walimkuta machimboni anachimba lile duara peke yake. Wakamwonea huruma, wakaingia kusaidia. Baadaye aliulizwa kwa nini aliamuru lifukiwe. Alisema aliogopa lingeshuka tena na kuua waliokuwa mdomoni mwa shimo. Huenda. Lakini wachimbaji wanasema kuna mganga aliyemwambia mwenye duara kwamba shimo lile halitoi dhahabu mpaka lilale na mtu. Nestory hilo hakulikubali wala hakulikana.

Walimkuta Mabula pale mwamba ulipojikunja ukaacha nafasi. Alikuwa amelala chali, miguu imeachana kidogo, viganja vinatazama juu. Wachimbaji walishangaa sana, kwa sababu mtu aliyefukiwa hujikunja.

Na kuna jambo jingine lililowafanya watoke wapumzike kabla ya kumwinua. Ubavuni mwake, kwenye ule udongo mwekundu, palikuwa na alama ya mtu mwingine aliyelala. Mtu mdogo kuliko yeye. Na alama ile ilikuwa na mistari, misuko iliyopishana, kama ya mkeka wa ukindu.

"Nani alilala pale?" mmoja aliuliza alipopanda.

Tabitha alikuwa amesimama pale na Domitila. Domitila alimshika mkono, akauachia haraka, kama umemchoma.

Walifukua lile shina la mgomba nyuma ya nyumba, wakamzika Mabula mahali pake. Teddy alikuja, akalia, akarudi shule. Mchungaji alisema sasa marehemu amepumzika, na Tabitha akaitika amina kwa moyo wote.

Mazoezi hakuacha. Alimfuata mama wa Nairobi, akayasikiliza maji. Lile pozi la mwisho tu ndilo alilokuwa analiruka. Mpaka jioni moja alipochoka kuliruka. Aliutandika mkeka, akazima simu kabisa, akalala chali, viganja juu. Akasikiliza. Palikuwa na pumzi yake peke yake. Akalia taratibu mpaka usingizi ukamchukua.

Asubuhi aliinuka, akaugeuza mkeka kutazama chini.

Mkavu. Msafi.

Akapiga magoti akashukuru, ingawa kifua kilimwuma kuliko siku zote. Basi ameondoka kweli. Akaurudisha mkeka ili aukunje.

Upande wa juu, kando ya pale alipolala yeye, palikuwa na alama ya mgongo mpana wa mtu mrefu. Nyekundu. Bado mbichi.

Mkeka ule hakuuosha. Jioni ilipoingia aliutandika tena, akasali sala zake zote. Alipojilaza alisogea pembeni kidogo, akaacha nafasi.