Winga wa Kushoto

Mambo haya yalimpata binamu yangu Jairus, na anayebisha aende Amalemba akamwulize mkewe, Zilpah. Mwaka wa 1997 Jairus alifundisha katika chuo kimoja hapa Kakamega, na alikuwa ameunda mchezo wa kandanda wa kompyuta, timu ya chuo dhidi ya timu ya mashine. Jumamosi moja ya jua kali wanafunzi waliucheka hadi machozi yakawatoka. Wachezaji wa mashine walikuwa wajinga ajabu, wote wakiukimbilia mpira kama kuku waliomwagiwa mahindi.

Jairus alikasirika. Akaamua kuifunza mashine icheze kama marehemu kaka yake, aliyekuwa winga wa kushoto wa chuo hicho. Akaiandikia subira yake, chenga zake, krosi zake. Kisha akampa winga huyo jina la kaka: Barnaba.

"Weka lingine," nilimwambia. "Hiyo ni ya mtoto."

Zilpah alikuwa mjamzito, na kwetu jina la marehemu hupewa mtu, si kitu. Jairus alinicheka tu.

Tangu hapo mashine ilitufunga vibaya, nasi tukafurahi. Hadi siku moja Barnaba alipofunga bao, akatembea hadi kwenye kibendera cha kona, akachuchumaa kufunga kamba za kiatu. Ndivyo alivyofanyaga akiwa hai. Jairus aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Hiyo sikuandika," alininong'oneza.

Wiki hiyo Zilpah akajifungua mvulana. Mtoto alilia. Akakataa titi. Kukhu, nyanya yetu, akambeba na kumwitia majina ya waliokufa, maana mtoto wa kwetu hunyamaza akisikia jina lake. Alipofika kwa Barnaba, mtoto alilia zaidi. Kesho yake sauti ilikuwa imekauka. Mdomo ulifunguka, mlio haukutoka. Tulijua tunampoteza.

"Hiyo jina iko na mwenyewe," Kukhu alisema polepole. "Nani aliipeana?"

Jairus alinitazama. Tukakimbia chuoni mchana ule ule, tukawasha kompyuta. Wachezaji wote walikuwa wakikimbia. Barnaba hakukimbia. Alisimama pembeni, ametugeuzia uso. Nilitaka kutoroka, sikatai.

"Nisamehe, ndugu yangu," Jairus alinong'ona. "Mwachie mtoto."

Akamfuta.

Tuliporudi mtoto alikuwa amelala, maziwa yamemkaukia kidevuni. Kukhu alikuwa amemwita Barnaba tena, naye akanyamaza.

Baadaye kidogo Zilpah alikuja chuoni na mtoto, Jairus akamwonyesha mchezo. Timu ya mashine sasa ilikuwa na watu kumi, na upande wa kushoto hapakuwa na mtu. Lakini waliupiga mpira huko huko. Ukatulia kwenye nyasi tupu. Mapajani mwa Zilpah, mtoto aliyekuwa usingizini akarusha mguu wa kushoto.

Kwenye skrini, krosi ikaingia.