Kamba Kumi za Uzi wa Buluu

Kriii, kriii, kriii! Mwaija aliisikia sauti hiyo kabla hajafumbua macho. Ilipanda, ikashuka, ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza tena. Lilikuwa gurudumu la kusokotea kamba, na aliyelizungusha uani alikuwa Mwanaidi, mdogo wake mama, ambaye Mwaija alikuwa akiishi naye hapo Mazinde.

"Mwaija! Jua linakuchungulia dirishani, wewe bado umejikunja kama kobe?"

"Nimeamka, mama mdogo! Shikamoo!"

"Marahaba. Njoo ushike ncha hii kabla hujaenda shule."

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Wanawake wa Mazinde walikuwa wameunda kikundi cha ujamaa cha kutengeneza kamba za katani, na Mwanaidi alikuwa mwenyekiti wao. Mkonge haukuwa na mwisho pale. Ukitoka mlangoni unauona, ukipanda kilimani unauona. Nyuzi fupi zilizobaki kiwandani ndizo walizozichukua na kuzisokota. Wanafunzi wa darasa la sita nao walikuwa na zamu yao mchana: kusokota kamba, kuzipima, kuzikata na kuzifunga ncha zisifumuke.

Kila kamba ilikuwa ya pima kumi. Pima moja ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole huku hadi ncha ya kidole kule. Ili mambo yasivurugike, Mwanaidi alikuwa amekita vigingi viwili ukutani mwa ghala lililokuwa palepale uani, vilivyoachana pima moja kamili. Mpimaji alivuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, huku akiimba:

*Vuta kamba inyooke, isipinde isichoke,*
*pima yetu ijulike, hadi Taveta ifike.*

Beti moja, pima moja. Ukiimba mara kumi, unakata. Kisha kila mwanafunzi alifunga uzi wa rangi yake mwishoni mwa kamba, ili kazi ya kila mtu ijulikane. Uzi wa Mwaija ulikuwa wa buluu. Wa Grasiana, rafiki yake, ulikuwa mwekundu.

Jumatatu ile Mwalimu Semboja alisimama mbele ya darasa, akasema, "Jumamosi lori litapeleka kamba Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Kuna nafasi ya mwanafunzi mmoja. Atakayemaliza kamba zake kumi wa kwanza ndiye atakayekwenda."

Darasa lililipuka. Taveta! Mji wa mpakani, wenye soko la watu wa kila kabila, na studio ya kupigia picha yenye pazia lililochorwa ndege ya abiria. Tangu hapo Mwaija hakuwaza kingine. Alishajiona amesimama mbele ya ndege ile, mkono kiunoni.

Lakini vigingi vilikuwa viwili tu, na foleni ilikuwa ndefu. Siku ya Alhamisi Mwaija alikuwa amekwisha kuzisokota zote kumi, ila hakuwa amepima hata moja. Grasiana alikuwa mbele yake kwenye foleni akiwa na zake kumi, akisubiri kwa utulivu. Mwaija aliitazama foleni, akaitazama mikono yake. Kwani mikono si mikono? Akabeba mzigo wake nyuma ya ghala, akanyoosha mikono yake mwenyewe, akaanza kuimba mbiombio.

"Mbona haraka hivyo? Umefukuzwa na nyuki?" Grasiana alimwuliza alipomwona akirudi na kamba zote zimekatwa.

"Wewe endelea kulinda foleni," Mwaija alimjibu akicheka. "Nitakuletea habari za Taveta!"

Moyoni alijua kwamba mikono yake ilikuwa mifupi kuliko umbali wa vigingi. Alijua, lakini hakutaka kujiuliza ni kwa kiasi gani. Kamba ni kamba, alijiambia.

Mwaija ndiye aliyemaliza wa kwanza, na Jumamosi alfajiri lori liliondoka naye, pamoja na Mwanaidi na wenzake wa kikundi, likiendeshwa na Bwana Yordani, mtu mnene aliyependa mzaha. Walipita Same, milima ya Upare ikiwasindikiza mkono wa kulia. Mpakani Mwaija alishangaa: alitarajia ukuta, akakuta kizuizi cha mti na askari anayepiga miayo. Bwana Yordani aliongea naye kidogo, wakacheka, mti ukainuliwa.

"Sasa uko nchi ya watu," Bwana Yordani alimwambia. "Tembea kwa adabu. Ukikosea hapa, hawatasema Mwaija amekosea. Watasema Tanzania imekosea!"

Kamba zote zilichukuliwa na mwenye duka mmoja karibu na soko, ambaye alikuwa akizingojea tangu mwezi uliopita. Saa tano kazi ilikuwa imekwisha.

"Umenisaidia vizuri," Mwanaidi alisema. "Mimi na wenzangu tunanunua ndizi. Lori linaondoka saa tisa; mpaka hapo ni saa zako. Usivuke reli. Saa nane tukutane studio, tupige ile picha yako."

Mwaija alizunguka soko lote kifua mbele. Aliona mikungu ya ndizi iliyopangwa kama kuni, Wamasai wakibishania mbuzi, akina mama wa Kichaga wakiita wateja kwa Kiswahili chenye mahadhi ya kwao. Alipita mbele ya studio, akachungulia. Ndege ilikuwepo kweli, nyeupe, yenye mistari myekundu ubavuni. Alitabasamu, akaendelea.

Nyuma ya soko alisikia zogo. Watu walikuwa wamezunguka kisima, na katikati yao alikuwepo mama mmoja mwenye aproni. Jina lake lilikuwa Elina, na alikuwa akiwapikia watu wa sokoni.

"Maharage yangu yanaungua, na maji siyafikii!" alilalamika. "Tazameni! Kamba mpya, nimeitoa dukani sasa hivi. Wamesema pima kumi. Kisima hiki ni pima tisa, nakijua tangu nimeolewa. Ndoo inaning'inia tu huko chini!"

"Ametoka wapi fundi wa kamba hiyo?" kijana mchukuzi wa mizigo aliuliza.

"Tanganyika huko, Mazinde."

"Aaa! Basi usishangae, mama Elina," kijana alisema. "Wale wana ujamaa. Hata pima wanagawana: nusu kwako, nusu kwangu!"

Watu waliangua kicheko. Damu ilimpanda Mwaija kichwani. Alipenya katikati yao, akasimama mbele ya yule kijana ingawa alimfikia kifuani tu.

"Acha kututukana! Mimi natoka Mazinde! Kamba zetu zinapimwa kwa vigingi, hazipunjwi hata kidole! Huyo mama hajui kuteremsha ndoo!"

"Haya, mtaalamu," Elina alisema, akamkabidhi kamba. "Teremsha wewe."

Mwaija aliipokea kwa majivuno. Akaivuta ili aanze upya, na ncha ikamjia kiganjani. Pale mwishoni palikuwa pamefungwa uzi. Wa buluu.

Watu walimngoja. Angeweza kuiangusha kamba na kukimbia. Hakuna aliyemjua jina. Lakini alikwisha kuwaambia anatoka wapi. Akikimbia, Mazinde ndiyo ingebaki pale kisimani ikichekwa, na wanawake wote wanaoamka na gurudumu, na Grasiana aliyesimama foleni mpaka miguu ikamwuma.

"Mama," alisema, na sauti ilitoka ndogo mwanzoni, kisha ikapata nguvu. "Kamba hii niliipima mimi. Sikupima kwa vigingi. Nilipima kwa mikono yangu, kwa sababu nilitaka kumaliza haraka. Mazinde haijakupunja. Nimekupunja mimi. Nipe nafasi niitengeneze."

Kicheko kilikatika. Yule mchukuzi alijikuna kichwa. Elina alimtazama mtoto yule kuanzia viatu hadi usoni.

"Maharage yangu hayana muda mrefu," alisema. "Kimbia!"

Mwaija alikimbia. Alimkuta Mwanaidi kwenye ndizi, akamweleza yote bila kupunguza neno. Uso wa Mwanaidi ulibadilika.

"Ziko ngapi?"

"Kumi, mama mdogo. Zote zina uzi wa buluu."

"Hasira zangu zitangoja," Mwanaidi alisema. "Kamba haziwezi kungoja. Yordani! Tupe kamba ya kufungia mzigo."

"Kamba yangu ya lori?" Bwana Yordani aliruka. "Na ndizi nizifunge kwa nini, mkanda wa suruali yangu?"

"Tutazishika kwa mikono. Mikono mirefu na mifupi, yote itafanya kazi."

Mwanaidi alinyoosha mikono yake, akapima na kukata vipande kumi vya pima mbili mbili. Kisha wakaanza na kamba ya Elina. Hawakuifunga fundo, maana fundo huteleza. Mwaija alizifumua nyuzi tatu za ncha, akazipishanisha na nyuzi za kipande kipya, akazisukia ndani, juu na chini, juu na chini, mpaka kamba mbili zikawa moja. Kazi hiyo aliiweza, na safari hii hakuharakisha. Ndoo ilipoteremshwa, wote walitega sikio. Chubwi! Elina alipiga kigelegele, akakimbia na maji yake jikoni.

Kwa mwenye duka walikuta kamba nane za uzi wa buluu. Mwanaidi alimweleza ukweli, na Mwaija akaketi kizingitini kuziunga, Mwanaidi akimsaidia. Vidole vyake vilichubuka. Ya kumi ilikuwa imeondoka na mfugaji mmoja wa Kimasai. Yule mchukuzi wa mizigo, ambaye alikuwa amewafuata, alisema, "Namjua. Yuko mnadani, upande wa ng'ombe. Njoo, mtoto wa Mazinde, nikuoneshe." Walimpata mzee huyo akiwa ameshakusanya ng'ombe wake aondoke. Mwaija aliiunga kamba ya kumi amechuchumaa vumbini, ng'ombe wakimpumulia kisogoni.

Aliporudi akikimbia kwenye lori, alipita mbele ya studio. Saa ya ukutani ilionesha saa tisa na robo. Ndege nyeupe ilikuwa palepale. Hakusimama.

Njiani walishikilia mikungu ya ndizi kwa mikono, kila mtu na mkungu wake, kila mara lori liliporuka shimo. Mwaija alingoja kukaripiwa, na karipio halikuja. Mwishowe akauliza, "Mama mdogo, bado una hasira?"

"Nilikuwa nazo mpaka Same," Mwanaidi alijibu. "Sikiliza, Mwaija. Wewe ulidhani unapima kamba yako nyuma ya ghala, peke yako. Lakini kamba ile imekwenda mpaka nchi nyingine ikaingia kwenye kisima cha mtu usiyemjua, na maisha yake siku hiyo yametegemea mikono yako. Kazi ya mikono yetu hutembea mbali kuliko miguu yetu. Basi ifanye kama mwenye kuitumia amesimama mbele yako. Ulikosea kwa ujanja, lakini ulisimama mbele ya watu ukasema ukweli, na saa zako za kutembea umezitoa kutengeneza ulichokiharibu. Kwa hilo nakuheshimu. Ila kuna mtu mmoja bado hujamlipa."

Mwaija alijua ni nani.

Kesho yake asubuhi gurudumu lililia uani kama kawaida. Grasiana alikuja mbio, ameshasahau hata kusalimia.

"Leta habari! Umeiona ndege? Picha iko wapi?"

"Sikupiga picha," Mwaija alisema. Akamshika mkono, akampeleka mpaka mbele ya vigingi viwili vya ghala. Alinyoosha mikono yake kati ya vigingi hivyo. Pembeni palibaki pengo la kiganja kizima na zaidi. Grasiana alilitazama pengo, akamtazama rafiki yake, akaelewa.

"Kumbe safari ile ilikuwa yangu," alisema taratibu.

"Ilikuwa yako," Mwaija alisema. Hakuinamisha kichwa, na hakunong'ona. Wanawake waliokuwa kwenye gurudumu wote walimsikia. "Grasiana, nakuahidi: kesho mstarini nitasimama mbele ya shule nzima na Mwalimu Semboja niseme nilichokifanya. Na lori likienda tena Taveta, utakwenda wewe. Mimi nitabaki hapa, nitasimama foleni, na nitapima kwa vigingi hivi, beti moja, pima moja, mpaka ya kumi."