Perege wa Dimbwi la Mzimu

Waliokuwamo katika maabara ya Wesha asubuhi ile ni Nadhira binti Haroub, mtafiti. Haidar Talib, msaidizi wake. Na Ngwali Silima, mtu wa Mgogoni, aliyeleta ndoo ya perege wa dimbwi la mzimu. Wa nne hakuna aliyemwona akiingia.

Kwanza ilikuwa harufu. Nadhira alipokata matamvua ya perege wa kwanza, yale anayopumulia, udi ulinukia chumba kizima.

"Yakhe Ngwali, leo una harusi?" Haidar alitania.

"Na mke gani, na shombo hili!" Ngwali alicheka, kisha akakohoa. "Bi Nadhira, ruhusa ya Bi Mwanaasha ulichukua kweli? Mie sikufukiza hata ubani, maana ulinambia ishatoka."

"Ishatoka," alijibu Nadhira bila kuinua macho.

Haikutoka. Bi Mwanaasha ndiye mtunza mzimu, na Nadhira hakufika hata mlangoni pake. Aliona haya, msomi mzima, kumpigia hodi ajuza kwa ajili ya samaki.

Akatia seli za matamvua katika kichupa, mashine ikazizungusha ili zijitenge: nyepesi juu, na chini zile nzito zinazoondoa asidi katika damu ya samaki. Mashine ilisimama. Mlio haukusimama. Ulikuwa mlio wa pumzi ya kitu kinachotafuta maji, nao ulitoka kwenye sinia, ambako perege yule aliyekwisha kufa, asiye na matamvua, alikuwa akifumbua na kufumba kinywa, polepole, na kila alipofumba, Ngwali naye alifumba, macho yamemtoka, mikono ikipapasa shingo, na udi ukazidi kunuka hata Haidar akatoka mbio na pikipiki kumleta Bi Mwanaasha.

Bi Mwanaasha alipofika alimshika Ngwali kifua, akanong'ona: "Mwenye dimbwi hana haja na huyu. Amtaka aliyesema uongo. Na akiri kwa kinywa chake, mwenziwe arudishiwe pumzi. Nani kasema nimetoa ruhusa?"

Ngwali, asiyeweza tena kusema, alimkazia macho Nadhira.

"Bi Nadhira, sema basi," Haidar alimsihi kwa sauti ndogo.

Nadhira alimgeukia Bi Mwanaasha.

"Alikwenda mwenyewe," alisema. "Mie sikumtuma."

Haidar akainamisha uso. Kwenye sinia, perege akatulia.

Ngwali Silima alifariki kabla ya adhuhuri, akazikwa Mgogoni.